Jina la shujaa halitoshi kuilinda reli

Katika jiji la Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, ipo stesheni ya reli ambayo jina lake hutajwa na maelfu ya watu kila uchao, ilhali ni wachache mno wanaotua na kujiuliza mwenye jina alikuwa nani. Stesheni hiyo ni Heuston. Dereva wa teksi hulitamka jina hilo, karani wa tikiti hulitamka, na kipaza sauti hulirudia kinapowahimiza abiria wa Cork, Limerick na Galway wapande kabla milango haijafungwa. Jina likizoeleka sana hugeuka sauti tupu, mfano wa kengele ya shule ambayo mwanafunzi huitii bila kufikiri.

Seán Heuston hakuwa mfalme, wala waziri, wala tajiri aliyetoa mali ili akumbukwe. Alikuwa karani wa reli. Aliajiriwa na kampuni ile ile iliyoijenga stesheni hiyo, na mnamo Mei 8, 1916, akiwa na umri wa miaka 25, alisimamishwa mbele ya bunduki za askari wa Uingereza, akauawa kwa kosa la kushika silaha akiudai uhuru wa nchi yake.

Leo stesheni inayoitwa kwa jina la karani huyo imo katika mipango ya mageuzi makubwa. Reli inayotoka hapo kuelekea kusini-magharibi imekusudiwa kutiwa nguvu za umeme, kituo kipya kimepangwa kujengwa upande wake wa magharibi, na CIÉ, ambalo ni shirika la uchukuzi la taifa, linataka ardhi iliyo kandokando ya stesheni ijengwe nyumba za kuishi. Kila palipo na mipango ya namna hii hapakosi ubishi. Wako wasemao kwamba jengo la kale lisiguswe hata kwa ncha ya kidole, na wako wasemao kwamba ya kale yamepita na jiji haliwezi kuishi kwa kumbukumbu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeliruka swali lililo muhimu zaidi. Je, baada ya mageuzi hayo, mahali hapo patakuwa pangali panautumikia usafiri wa umma? Jibu la kupuuza swali hili Dublin inalijua vyema, kwa kuwa ilikwisha kulilipia.

Hebu tuanzie kwenye chimbuko. Agosti 1846, kampuni ya Great Southern and Western Railway ilianza kuendesha magari yake ya moshi kutoka hapa hadi mji wa Carlow. Stesheni iliitwa Kingsbridge, yaani Daraja la Mfalme, kwa sababu ilikuwa jirani na daraja la chuma lililojengwa juu ya mto Liffey kuwa ukumbusho wa ziara ya Mfalme George wa Nne wa Uingereza mnamo 1821. Msanifu wa jengo, Sancton Wood, alikuwa Mwingereza, naye hakuridhika kujenga banda la kungojea gari. Alijenga kasri. Uso wake ni wa mawe yaliyochongwa, una nguzo za mtindo wa Kikorintho na minara yenye kuba pembeni, na juu yake zimo nembo za miji ya Dublin, Cork na Limerick ambayo reli ilikusudia kuiunganisha. Nyuma ya kasri hilo, mhandisi John MacNeill aliezeka paa kubwa la chuma ili kuwakinga abiria na magari.

Hata hivyo, uzuri wa mawe usitupumbaze. Mwaka huo wa 1846 ulikuwa wa pili wa ile Njaa Kuu ya Ayalandi. Viazi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini, vilishikwa na ugonjwa vikaoza mashambani. Hadi kufikia 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamefariki dunia, na wengine wapatao milioni moja walikuwa wameihama nchi. Kasri la reli na makaburi ya waliokufa njaa ni mambo ya wakati mmoja. Mwalimu anayewaonyesha wanafunzi wake picha ya nguzo zile bila kuitaja njaa atakuwa amewafunza nusu ya somo. Vilevile, atakayeitaja njaa akasahau kwamba ujenzi wa reli uliwapa vibarua wengi ujira katika miaka ambayo ujira ulikuwa ndio uhai, naye atakuwa amewafunza nusu nyingine. Jengo la umma huyabeba yote mawili, fahari na aibu, na ndiyo maana linafaa kuwa kitabu cha historia.

Tuje sasa kwa karani wetu. Heuston alizaliwa Dublin mnamo 1891. Alipoajiriwa na kampuni ya reli alipelekwa Limerick, akakaa huko miaka kadhaa, kisha akarejea Dublin kufanya kazi Kingsbridge. Jumatatu ya Pasaka, Aprili 24, 1916, wazalendo walipotangaza jamhuri na kuyateka majengo kadhaa ya jiji, kamanda wao James Connolly alimpa Heuston amri ya kuliteka jengo la Mendicity Institution. Hiyo ilikuwa nyumba ya hisani ya kuwasaidia mafukara, nayo ilikuwa ukingoni mwa mto Liffey, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni alikofanya kazi. Alitakiwa awacheleweshe askari wa Uingereza, waliokuwa na kambi yao ng'ambo ya mto, kwa muda wa saa tatu au nne tu. Yeye na vijana wasiozidi thelathini waliwazuia hadi Jumatano.

Na reli je? Reli haikuwa na upande. Katika siku zizo hizo, magari ya moshi yaliwashusha Kingsbridge askari waliotolewa katika kambi ya Curragh kuja kuyazima maasi. Njia aliyoitumikia Heuston kwa kalamu na daftari ndiyo iliyowaleta waliokuja kumshinda. Nalitaja jambo hili ili msomaji aone kwamba chombo cha umma hakina wema wala ubaya wa kuzaliwa nao. Wema wake hutegemea ni nani anayekimiliki na anakitumia kwa faida ya nani.

Mnamo 1966, maasi yale yalipotimiza miaka 50, CIÉ ilizipa stesheni 15 majina ya viongozi waliouawa. Kingsbridge ikawa Heuston. Stesheni ya Amiens Street ikawa Connolly, na ya Westland Row ikapewa jina la Pearse, kwa heshima ya ndugu wawili, Patrick na William. Cork ikapata Kent, Limerick ikapata Colbert, Galway ikapata Ceannt. Hivyo mashujaa 16 waligawana stesheni 15, na ramani ya reli ikawa orodha ya mashahidi wa taifa.

Miongoni mwa majina hayo limo moja ambalo sisi wa Afrika tuna haki ya kulisimamia. Stesheni ya Tralee, katika pwani ya kusini-magharibi, inaitwa Casement. Roger Casement, alipokuwa balozi mdogo wa Uingereza nchini Kongo, aliandika taarifa iliyochapishwa mnamo 1904 kuhusu ukatili waliotendewa wenyeji chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili ili mpira upatikane. Miaka 12 baadaye alikamatwa karibu na Tralee alipofika kutoka Ujerumani kwa ajili ya harakati za nchi yake mwenyewe, akasafirishwa, na hatimaye akanyongwa mjini London mnamo Agosti 3, 1916. Abiria anayeteremka Tralee leo anateremka katika jina la mtu aliyeyaona mateso ya Mwafrika na asinyamaze. Ni wanafunzi wangapi wa historia, kule na huku, wanaolijua jambo hilo?

Lakini sasa nakuja kwenye uchungu wa habari yenyewe. Shirika lile lile lililozipa stesheni majina ya mashujaa lilikuwa likizifunga stesheni nyingine na kuzing'oa reli zake. Mwenyekiti wake kuanzia 1958 hadi 1970 alikuwa Todd Andrews, mzalendo ambaye naye alipigana katika vita vya uhuru. Sheria ya uchukuzi ya 1958 ilitaka shirika lijitegemee bila hasara katika muda wa miaka mitano, na njia ya mkato ya kuondoa hasara ilikuwa kuiondoa reli yenyewe. Kisiwa ambacho mnamo 1920 kilikuwa na reli zinazokaribia kilomita 5,500 kilibaki na chini ya nusu ya hizo. Waliozing'oa hawakuwa maadui wa Ayalandi. Walikuwa wana wake wenyewe, baadhi yao wakiwa na makovu ya kuipigania, nao waliamini kwa moyo safi kwamba dunia ya kesho ilikuwa ya basi na motokaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni stesheni ya Harcourt Street, mle mle Dublin. Ilifunguliwa mnamo 1859 na kuwahudumia abiria wa vitongoji vya kusini hadi Bray. Desemba 31, 1958 gari la mwisho liliondoka. Reli ziling'olewa upesi, vipande vya njia vikapata wenyewe wengine, na jengo lenyewe, lenye nguzo zake za kupendeza, baadaye likawa mahali pa vinywaji na burudani. Vile vitongoji navyo havikukoma kukua. Watu waliongezeka, motokaa zikaongezeka, barabara zikafurika, na mwishowe jiji likajikuta linaitamani ile ile njia lililoitupa.

Juni 30, 2004, yaani miaka 45 baadaye, tramu ziitwazo Luas zilianza kupita katika sehemu kubwa ya njia hiyo hiyo. Kule Milltown zinapita juu ya lile daraja la kale la matao tisa. Kule Dundrum ilibidi lijengwe daraja jipya kabisa linaloning'inizwa kwa nyaya. Na mbele ya jengo la Harcourt Street tramu hupita barabarani, zikiutazama mlango ambao hazina haja tena ya kuuingia. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Dublin ilikiacha chake kwa msala wa motokaa, kisha ikalipa fedha nyingi kununua mkeka mwingine.

Mwenzake Harcourt Street ni Broadstone, stesheni nyingine ya fahari iliyobuniwa na John Skipton Mulvany. Ilifungiwa abiria mnamo 1937, ikageuzwa karakana na maegesho ya mabasi. Jengo lilihifadhika na kuta hazikubomoka, lakini kwa miaka 80 hapakuwa na abiria wa reli aliyefika hapo, hadi Desemba 2017 tramu zilipoanza kupita mbele yake. Kwa hiyo, wale wanaodhani kwamba kuhifadhi ni kuzuia nyundo tu na waitazame Broadstone. Mwili ulibaki, roho ikatoka.

Heuston ilikuwa na bahati tofauti kwa kuwa reli zake hazikung'olewa. Kasoro yake ilijulikana tangu zamani, kwamba iko pembeni, mbali na kitovu cha jiji. Ingewezekana mtu kusema ihamishwe, au ifungwe, au iuzwe. Badala yake iliunganishwa. Mnamo 2004 ulikamilika ukarabati mkubwa ulioongeza majukwaa na kuufungua ukumbi kwa abiria, na mwaka huo huo tramu za Luas zikaanza kusimama mlangoni na kuvuka mto kwa lile daraja la chuma la kale. Daraja hilo lililojengwa kwa heshima ya mfalme lina jina la Seán Heuston tangu 1941. Ilikuwa fahari ya mfalme, sasa linaitwa kwa jina la karani na linawavusha wafanyakazi.

Kuna ushahidi mwingine ambao naupenda zaidi. Chini ya bustani kubwa ya Phoenix Park, karibu na stesheni hiyo, umepita mtaro wa reli uliochimbwa mnamo 1877. Kwa muda mrefu ulitumiwa na magari ya mizigo na ya safari za nadra, na abiria wa kila siku hawakuuona ndani. Mtu wa mahesabu ya haraka angeliuziba na kuusahau. Haukuzibwa. Novemba 2016 magari ya kawaida ya abiria yalianza kuupitia, yakiwatoa watu upande wa Kildare na kuwapeleka hadi katikati ya jiji bila kubadili gari. Kitu kilichochimbwa katika enzi ya Malkia Victoria kilikuja kuwafaa watu walio na simu mfukoni. Hii ndiyo maana ya kuweka akiba. Akiba haiozi kwa kuwa leo haina kazi.

Kutokana na hayo, mageuzi ya stesheni ya Heuston, na ya stesheni nyingine yoyote, nayapimia mizani tatu.

Mizani ya kwanza ni ardhi. Nyumba zijengwe, maana Dublin ina uhaba mkubwa wa nyumba na itakuwa dhuluma kuacha viwanja vya umma vikiota magugu huku vijana wakikosa pa kulala. Lakini pasijengwe jambo lolote pale ambapo reli ya kesho itahitaji kupita. Ukuta wa ghorofa kumi ni mgumu kuung'oa kuliko mataruma. Tena ardhi hiyo ibaki mikononi mwa umma, hata kama majengo juu yake yatakodishwa. Mali ya taifa ikishauzwa, wajukuu huja kuinunua kwa bei ambayo babu hakuiota.

Mizani ya pili ni mtu asiye na fedha za ziada. Stesheni nyingi za siku hizi zikirembeshwa hugeuka masoko ya kifahari ambamo asiyenunua kahawa hana pa kukaa. Mama mwenye mtoto na mizigo, mzee anayengojea gari la saa mbili zijazo, mwanafunzi aliyebakiwa na nauli tu, hao ndio wenye stesheni. Wakipata benchi, maji na choo, mageuzi yamefaulu. Wakisukumwa nje kwenye mvua ili duka lipate nafasi, mageuzi yameshindwa, hata kama sakafu inang'aa kama kioo. Na zile nyumba mpya nazo zipimwe kwa kipimo hicho. Je, karani wa reli wa leo, aliye na umri wa Heuston na mshahara wa kawaida, ataweza kupanga chumba katika nyumba zitakazojengwa chini ya jina la Heuston? Ikiwa hataweza, jina hilo litakuwa pambo tu.

Mizani ya tatu ni ukweli wa historia. Jengo lisimulie habari yake yote: mfalme aliyezuru, vibarua waliochimba, njaa iliyokuwa nje ya ukuta, askari walioshuka jukwaani, na karani aliyetoka ofisini akaenda kufa. Bamba la shaba lenye jina na tarehe halitoshi. Bamba husomwa na mgeni mara moja, mwenyeji hapiti tena akalisoma.

Najua nitaulizwa: je, hukumu hii si rahisi kwetu tunaojua yaliyotokea baadaye? Andrews na wenzake walikuwa na shirika linalokula hasara na serikali iliyotaka hasara ikome. Nakubali. Simlaumu mtu kwa kutojua ya kesho, kwa sababu hakuna ajuaye. Ninacholaumu ni kule kutenda kana kwamba anajua. Aliyepunguza safari za magari mnamo 1958 angaliweza kuziongeza siku nyingine. Aliyeing'oa reli na kuiachia njia yake alikata shauri kwa niaba ya watu ambao hawajazaliwa. Tofauti ya maamuzi hayo mawili ndiyo hekima yote ya uongozi wa mali ya umma, na inafaa kufundishwa shuleni kabla ya wanafunzi kukua na kukabidhiwa kalamu za kutia sahihi.

Kwa walimu nina ombi moja. Chukueni jina la stesheni moja, ya Dublin au ya pale mnapoishi, muwaulize wanafunzi: Nani alilitoa jina hili? Kabla yake paliitwaje? Reli hii ililetwa kwa faida ya nani, na leo inamfaidi nani? Maswali manne yatawafikisha mbali kuliko orodha ya tarehe za kukariri. Na kwa wanafunzi nasema, msidhani kwamba historia hutengenezwa na wakubwa peke yao. Heuston alikuwa kijana wa kuandika hesabu za mizigo na nauli. Aliambiwa ashikilie kwa saa tatu au nne, akashikilia zaidi ya siku mbili.

Waliobaki hawaombwi kufa. Wanaombwa jambo jepesi zaidi, yaani wasiuze kwa haraka kile ambacho wengine walikishikilia kwa muda mrefu.